Kwenda Kuuona Mwanga wa Dada Limi

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam, wenzangu wa kidato cha tatu wananiuliza maghorofa ya kule yakoje. Najibu "marefu", kisha nanyamaza. Wanaonijua hawashangai. Nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia yote, hata jina langu nalitafuta. Kwa hiyo nimeandika hapa kila kitu, tangu kuondoka hadi kurudi.

Sikwenda kutembea. Nilitumwa, na sababu ya kutumwa ilikuwa neno moja.

Dada yangu Limi yuko Dar mwaka wa nne sasa. Sisi nyumbani tulijua anafanya kazi ya umeme. Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, alimtumia baba ujumbe wa sauti kwenye simu ya baba mdogo Maduhu, maana simu ya baba ni ya vitufe. Siku hiyo baba mdogo alikuwa kwenye mizani ya pamba, watu wamepanga magunia wakisubiri kupimiwa. Kwa kuwa anapenda watu wajue ana ndugu Dar, aliufungua kwa sauti kubwa. Dada Limi akasikika mbele ya watu wote:

"Shikamoo baba. Nimepandishwa cheo. Mimi sasa ni mbunifu wa mwanga. Kazi zetu nyingi tunafanya usiku, juu ya maghorofa, watu wakiwa wamelala. Ijumaa ijayo tunawasha jengo jipya. Msalimieni bibi. Mwambieni yeye ndiye aliyenifundisha."

Nilikuwepo, nimekalia gunia letu. Mama Shija, jirani yetu, ndiye aliyeanza. Aliionyesha ile simu kwa mkono wake wa kulia, ule ambao kidole cha kati kilikatwa na mnyororo wa baiskeli.

"Amesema mwanga?"

"Amesema mwanga," mtu wa nyuma akajibu. "Usiku. Juu. Watu wamelala."

"Na bibi yake ndiye kamfundisha."

Shuleni tumefundishwa ngeli. Mwanga huu unamulika, mwanga huyu anatembea usiku kuwaroga watu. Lakini sentensi ya dada haikuwa na "huu" wala "huyu", na wazee wa kwetu Kiswahili wamekijia ukubwani, Kisukuma ndicho cha nyumbani. Walichukua maana waliyoijua. Nilitaka kusimama juu ya gunia niwaeleze. Nilibaki nimekaa.

Baada ya siku mbili watoto wa jirani waliacha kuja kwa bibi. Zamani walikuja kila jioni kuchukua michembe, maana bibi hukausha viazi vingi kuliko anavyoweza kula. Sasa mama zao waliwaita kutoka mbali. Mmoja alikuwa ameshaweka kipande mdomoni, mama yake akamtemesha. Bibi aliona. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na kwetu macho hayo yakishatajwa pamoja na neno hilo, mambo hayaishii kwenye maneno. Mnajua ninachosema, sitakiandika.

Baba alimpigia dada Limi. Kwanza dada alicheka, kisha akakasirika, kisha akalia. Aliomba aongee na watu kwa simu. Mwenyekiti wa kitongoji akakataa.

"Sauti ndiyo imeleta maneno haya," alisema. "Sauti nyingine itayaongeza. Nendeni mkaone kazi yenyewe kwa macho. Jumapili jioni tukutane hapa nyumbani kwenu, mtuambie mlichoona."

Dada hakuweza kuondoka Dar wiki hiyo, kwa sababu ya lile jengo. Baba ana mguu mbaya. Ikaamuliwa aende baba mdogo Maduhu, ambaye ni mlinzi wa usiku pale mjini na watu wanamwogopa kidogo, na mimi niende naye.

"Huyu Minza?" Mama Shija aliuliza. "Huyu ataongea nini?"

"Ndiyo maana anafaa," baba mdogo akasema. "Hawezi kudanganya. Hata ukweli wenyewe anausema kwa shida."

Watu wakacheka. Bibi hakutoka ndani.

Bariadi, alfajiri. Basi liliondoka kukiwa bado giza. Bibi alikuwa amenifungia michembe kwenye kitambaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, akauliza swali moja tu: "Mtarudi lini?" Nikamwambia kabla ya mkutano. Akasema, "Wabeja," asante ya kwetu, kama vile nimeshamfanyia kitu.

Tulipopita Maswa jua lilianza kutoka, mashamba ya pamba yakiwa yamebaki vijiti na pamba chache nyeupe zilizosahaulika. Baba mdogo aliongea na kila mtu. Alimwambia kondakta kwamba anakwenda Dar kukagua jengo. Mimi nilikaa dirishani nikipanga maneno ya Jumapili kichwani. Nilipanga sentensi ya kwanza hadi Nzega. Kila nilipoisema kimoyomoyo ilikuwa nzuri, na kila nilipomfikiria Mama Shija akinitazama, ilivunjika.

Singida tuliteremka kula. Mama akapiga. Alisema asubuhi wamekuta majivu yamemwagwa mlangoni kwa bibi, na hawajui nani.

"Majivu tu?" baba mdogo akauliza.

"Majivu tu."

Alikata simu, akala ugali wake wote. Mimi niliacha wangu.

Baada ya Dodoma nilimuuliza, kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, wewe unaamini?"

Akajibu, "Mimi nalinda maduka usiku miaka kumi na moja, Minza. Nimeona paka, nimeona walevi, nimeona mwizi aliyelala kwenye mzigo alioiba. Mwanga sijamwona. Lakini Limi naye... kwa nini hakusema fundi taa?"

Ndipo nilipojua kwamba nasafiri na mtu mwenye nusu ya shaka, na kwamba Jumapili nusu hiyo nayo itakuwa na mdomo.

Dar es Salaam, Mbezi. Tulifika watu wengi wakiwa wameshalala. Dada Limi alikuwa stendi, amevaa suruali na buti za kazini. Nilimkumbatia nikasahau yote. Baba mdogo alimtazama juu hadi chini.

"Mwadila, baba mdogo," dada akamsalimia.

"Mwadila. Mbona umekonda? Huko juu hawakulishi?"

"Naogopa kula kabla ya kupanda," dada akasema akicheka. Hakujua kwamba siku hizi kila anachosema tunakipima mara mbili.

Alhamisi, chumbani kwa dada. Baba mdogo hakupoteza muda. Alikaa kwenye kiti cha pekee akamwambia, "Mwanangu, tumalize. Wewe rekodi hapa useme, mimi ni fundi taa. Basi. Tunarudi."

"Mimi si fundi taa. Mafundi taa wapo, nafanya nao kazi, nawaheshimu. Mimi nachora mwanga uanguke wapi na usianguke wapi. Nimesoma kwa hilo."

"Neno linamuua bibi yako, wewe unaling'ang'ania."

Dada akasema polepole, "Mbona kila asubuhi kule nyumbani mnasalimiana mwangaluka, mwangaluka, na hakuna aliyemkamata mwenzake?"

Niliona kicheko kikimjia baba mdogo, akakimeza kwa nguvu.

Mimi nilikuwa na swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu kwenye mizani. Nilimsubiri dada hadi tukawa wawili tu, tunaosha vyombo. "Bibi alikufundisha nini?"

"Wewe ulikuwa mdogo," dada akasema. "Unakumbuka akikandika nyumba? Anamaliza jioni, halafu anawasha koroboi. Haielekezi usoni mwa ukuta. Anaiweka karibu kabisa na ukuta, pembeni, anaisogeza taratibu. Pale penye bonde panaonyesha kivuli, pale penye kinundu panang'aa. Anaweka tope, anapitisha tena. Nilipofika chuo mwalimu alitufundisha siku nzima jinsi ya kuulaza mwanga ubavuni mwa ukuta. Darasa zima linaandika. Mimi nilikuwa namwona bibi."

Nilitaka kumwambia ayaseme hayo Jumapili. Kisha nikakumbuka kwamba wa kuyasema ni mimi, na nikaosha sahani moja mara mbili.

Ijumaa, Posta. Dada alitupeleka kabla jua halijazama ili tuone jengo likiwa halijawashwa. Nilikuwa nafikiri maghorofa yote ni kitu kimoja, masanduku yaliyopangwa. Si hivyo. Moja lilikuwa la kioo kitupu, anga lote limo ndani yake na mawingu yanapita tumboni. Jingine lilikuwa limejikunja kidogo, kama mtu anayegeuka kuitika jina lake. La dada lilikuwa la zege na vioo, jembamba, na kati ya madirisha kulikuwa na nguzo bapa zilizotokeza nje, zimesimama kutoka chini hadi juu kama mbavu. Zege la zile mbavu lilikuwa la kukwaruza. Nililigusa chini pale, likanikumbusha nyumbani.

"Mchoraji wa jengo alitaka ziwe laini," dada akasema. "Nilimwomba aziache hivi. Kioo hakishiki mwanga, unapita tu. Mwanga unataka kitu chenye mikwaruzo ujishike."

"Na mwenye jengo?" baba mdogo akauliza.

"Huyo alitaka bluu na zambarau zikimbizane, kama ukumbi wa harusi. Tumebishana miezi mitatu. Leo ndiyo ataona. Akikataa, watalipaka hizo rangi na mimi cheo changu sijui."

Kumbe na yeye alikuwa na mkutano wake.

Alituacha juu ya paa la jengo la maegesho ng'ambo ya barabara, akaenda kwa wenzake. Giza lilikuja haraka. Majengo yakaanza moja moja. Lile la kioo liliwaka kwa ndani, sakafu hii ndiyo, ile hapana, kama mtu alisahau kuzima. Jingine lilibadilisha rangi kila mara, nyekundu, kijani, nikachoka macho. La dada lilibaki jeusi. Juu yake kabisa, taa moja nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka.

Baba mdogo alinishika bega. "Hilo jicho ni la nini?"

Dada alikuwa kwenye simu na sisi. "La ndege, baba mdogo."

"Ndege gani anayetembea usiku?" Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mimi nilijua anamfikiria bundi.

"Ndege ya abiria, jamani! Isigonge jengo!"

Kijana mmoja karibu yetu alicheka hadi akainama. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa amekunja ngumi.

Kisha likawashwa. Sikuona taa hata moja, na hicho ndicho nilichotaka kuwaeleza wenzangu nikashindwa. Taa zimefichwa chini ya kila ubavu wa zege. Ulichoona ni zege lenyewe limeamka, mkwaruzo kwa mkwaruzo, rangi ya moto wa koroboi, chini imekolea na juu inapungua, hadi kileleni ikawa karibu hakuna. Lile linalobadilisha rangi lilikuwa linapiga kelele. La dada lilikuwa linaongea taratibu, na watu barabarani walikuwa wanasimama kulisikiliza.

Baadaye baba mdogo akasema, "Hiyo ni nyumba ya mama." Alimaanisha bibi, mama yake. "Ni ukuta wa mama ule, akimaliza kukandika."

Hakuna aliyemwambia habari za koroboi. Mimi nilikuwa sijamwambia. Alizikumbuka mwenyewe, amesimama juu ya paa la maegesho, na alifuta uso kwa kofia.

Mwenye jengo hakusema amekubali. Alisema, "Tuliache wiki moja tuone." Dada alipotuambia hivyo hakujua acheke au alie, akatununulia chipsi.

Jumamosi, barabarani tena. Baba mdogo alikuwa amepiga picha nyingi na alizionyesha basi zima. Nilizitazama, moyo ukashuka. Simu yake si nzuri gizani. Zile mbavu za zege hazikutoka. Kilichotoka ni weusi, mwanga mweupe unaoelea katikati, na juu yake doa jekundu.

"Baba mdogo, usiwaonyeshe hizi."

"Kwa nini? Ndio ushahidi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Mama alipiga tukiwa Manyoni. Bibi alikuwa hajala tangu jana, na amefunga nguo zake na michembe kwenye kanga. Anasema akisikia mkutano umekwenda vibaya ataondoka mwenyewe, asiwaletee watu shida. Ataondoka kwenda wapi, mama hakumwuliza.

Nyumbani, Jumapili jioni. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Walikaa uani, mbele ya nyumba ya bibi. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti, wengine kwenye magogo na ndoo. Bibi alitoka akakaa kizingitini, furushi la kanga liko nyuma yake, naliona. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Baba mdogo alianza vizuri. Alisimulia safari, akasimulia jengo, akatoa na ile ya mwangaluka kana kwamba ameitunga yeye. Watu wakacheka kweli, hata mwenyekiti. Nikaanza kupumua. Kisha akatoa simu.

Simu ilipita mkono kwa mkono. Kicheko kikaisha. Ilipomfikia Mama Shija aliitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo nyumba?" akasema. "Haina miguu. Inaelea. Na jicho."

"Ni taa ya ndege," baba mdogo akasema.

"Ndege gani?"

Nilisikia minong'ono ikianza nyuma. Jua lilikuwa limeshazama, sura za watu zinapotea. Bibi aliweka mkono nyuma, akaligusa furushi.

Ile sentensi niliyoipanga hadi Nzega sikuikumbuka. Sikukumbuka hata moja. Nilichokumbuka ni kwamba baba mdogo ana tochi yake ya ulinzi mfukoni. Nikaenda nikaichukua bila kuomba. Nikasimama mbele ya ukuta wa bibi nikamulika katikati, usoni. Ukuta ulikuwa mweupe tu, hauna kitu.

"Hivi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kitoto. "Hivi huoni kitu."

Nikasogea hadi pembeni, nikaiweka tochi karibu na ukuta, kiganja kimoja kutoka kwenye udongo, nikaulaza mwanga. "Na hivi ndivyo bibi alivyomfundisha."

Ukuta uliamka. Mistari ya vidole ilitokea kila mahali, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki, ukuta mzima hadi chini ya paa. Mchana huioni. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuiona, na nimezaliwa hapo.

"Bibi anakagua pasipo sawa," nikasema. "Anaweka tope tena. Dada anafanya hivyo, kwa nyumba ndefu. Mwanga huu. Si huyu. Huu." Nilikuwa nimeishiwa maneno, kwa hiyo niliendelea kuisogeza tochi, taratibu, kama dada alivyonisimulia.

Karibu na mlango mistari ilibadilika. Ilikuwa mikubwa zaidi, na katikati ya kila nusu duara palikuwa na pengo, mahali ambapo kidole hakikupita. Mistari miwili, pengo, mstari mmoja. Tena. Tena. Eneo kubwa, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Nikasikia mtu anainuka kwenye ndoo. Mama Shija alikuja hadi ukutani. Aliinua mkono wake wa kulia akauweka juu ya ile mistari, ikamwenea.

"Kiangazi kilichopita," akasema, si kwa mtu yeyote. "Tulikandika siku mbili. Alinipikia."

"Ulikula michembe yangu yote," bibi akasema kutoka kizingitini. Ndiyo mara yake ya kwanza kuongea jioni ile.

Mtu akacheka nyuma, kicheko kifupi. Mama Shija hakucheka. Alibaki ameweka mkono pale pale, kisha akaenda akakaa kizingitini, karibu na bibi, akalisukuma lile furushi kando ili apate nafasi.

Mwenyekiti alikohoa. Alisema mkutano umeona. Akasema pia, "Mwambieni Limi, akituma salamu, aseme kazi ya taa. Sisi ni watu wa Kisukuma." Watu wakaanza kuondoka. Si wote waliomuaga bibi. Wawili watatu walipita mbali kidogo na mlango, niliwaona, na bado nawaona wakipita hivyo hivyo hadi leo. Kwa hiyo sitasema mambo yameisha.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo. Nilifikiri mwanga mkali ndio unaoonyesha zaidi. Siyo. Ukimmulikia mtu usoni anafumba macho, na wewe huoni kitu. Na nimejifunza kwamba naweza kuongea mbele ya watu, ila niwe nimeshika kitu.

Nilipoingia ndani nilimwandikia dada kwa simu ya baba mdogo: "Imekwenda vizuri. Nilimulika ukuta wa bibi."

Nilidhani atauliza watu walisemaje. Akajibu: "Tochi uliiweka umbali gani na ukuta?"

"Kiganja kimoja."

"Safi," akaandika. "Lala sasa."

Sikulala mara moja. Nje nilisikia bibi na Mama Shija bado wanaongea Kisukuma, na bibi akifungua furushi lake, akitafuta michembe.